Wageni wa angani wakiivamia Dar: kipi kwenye hizi filamu kinasimama kwa hesabu?

Mtunzi_Temeke
Wakuu, habari za jioni. Naandika tamthilia ya sauti, sehemu sita: wageni kutoka nyota nyingine wanaivamia Dar es Salaam. Sitaki msikilizaji aliyesoma fizikia anizimie redio sehemu ya kwanza.

Nilichonacho mpaka sasa: meli yao ya tani milioni moja inasimama juu ya Posta, kimya, kivuli kinafika Kariakoo. Nyingine iko kilomita 400 juu, inalikata Daraja la Kigamboni kwa leza, pigo moja. Zote zina ngao ya nishati, makombora yanadunda. Kijana wa Sinza anapenyeza kirusi kwenye kompyuta zao. Na sababu ya kuja: wamefuata maji yetu.

Msinijibu "ni hadithi tu, andika". Nataka namba.

Mzee wa Obiti
Anza na hiyo iliyosimama juu ya Posta, maana ndiyo inayoonekana kwenye kila bango la kibanda umiza. Tani milioni moja kuelea palepale inataka msukumo wa nyutoni bilioni 9.8. Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, iliondoka na nyutoni milioni 34 hivi. Gawanya: roketi 290 zinawaka kwa pamoja juu ya Samora, hazizimwi. Saturn V ilikuwa inakula kama tani 13 za mafuta kwa sekunde. Kwa roketi za aina hiyo, meli yako itachoma zaidi ya theluthi ya uzito wake ndani ya dakika mbili. Na moto wa chini umeshaifuta Kariakoo, kwa hiyo silaha za nini tena?

Ukisema wana namna ya kuuzima mvutano, sawa, ni hadithi yako. Ila wape hiyo halafu uishi nayo. Usifike sehemu ya nne meli ikaanguka Mbagala kwa sababu injini imepigwa.

Hiyo ya kilomita 400 nayo haisimami. Inakimbia km 7.7 kwa sekunde, inazunguka dunia kwa dakika 92. Ukiwa Dar unaiona kutoka upeo mpaka upeo kwa dakika kumi hivi, tena ikikupitia juu ya kichwa. Ikirudi mzunguko unaofuata, dunia imeshajigeuza nyuzi 23, kwa hiyo inapita juu ya Angola. Chombo kinachobaki palepale angani ni cha kilomita 35,786 juu ya ikweta, huko kwenye satelaiti za ving'amuzi. Na huko leza yako imekufa, ila hilo namwachia Rejeta.

Rejeta
Nimeitwa, nimekuja.

Mwali wa leza haubaki mwembamba kama kwenye filamu, unapanuka. Kipenyo cha doa ni 2.44 mara urefu wa wimbi mara umbali, gawanya kwa kipenyo cha kioo. Chukua leza ya megawati 1, wimbi la mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), kioo cha mita 1. Kutoka kilomita 400 doa ni karibu mita moja. Kutoka kilomita 10,000 ni mita 24, na hapo kila mita ya mraba inapata kilowati 2 na kidogo, yaani kama mara moja na nusu ya jua la angani. Watu wa Kigamboni watatafuta kivuli tu.

Turudi kilomita 400. Bamba la chuma nene sentimita 2, doa la mita moja: hiyo ni kilo 120 na zaidi za chuma cha kuyeyusha. Kilo moja inataka megajouli 1.2 hivi kutoka joto la kawaida mpaka iyeyuke. Jumla kama megajouli 150. Kwa megawati moja, hata chuma kikinywa nishati yote (hakinywi, nyingi inarudishwa), ni dakika mbili na nusu za kushikilia sehemu ileile. Ndani ya muda huo meli imeshakwenda zaidi ya kilomita 1,100. Na hapo daraja bado, umetoboa tundu moja tu. Kama ni masika wingu limetanda, rudi nyumbani, mikroni 1 haipenyi wingu zito.

Ila kinachowaumbua watunzi wengi ni joto. Leza yenye ufanisi wa asilimia 30 inayotoa megawati 1 inabakiza ndani ya meli megawati 2.3 za joto. Angani hakuna hewa ya kupoza, feni haina kazi, joto linatoka kwa kung'aa tu. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinasukuma amonia kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta zake kubwa za nje, na mfumo huo unatoa kilowati 70. Wewe unataka mara 33 ya hiyo. Rejeta yenye joto la chumba, kelvini 300, inatoa wati 459 kwa kila mita ya mraba kwa upande mmoja. Hata ikitoa pande zote mbili, unahitaji mita za mraba 2,500, theluthi ya uwanja wa mpira. Ukiichemsha mpaka kelvini 1,000 inashuka kuwa mita za mraba 21 tu, lakini sasa ni bati jekundu linalowaka kwenye anga jeusi. Ndiyo maana meli ya vita haijifichi.

Kwa hiyo kama unataka udhaifu wa meli yao, achana na "kitovu cha nishati" kinacholipuka kwa kombora moja. Piga rejeta. Itabidi wazime silaha wenyewe au waive humo ndani.

Kibatari
Rejeta, hapo kwa kujificha umekaza mno. Joto linaonekana kama kuna anayetazama upande huo. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la kama mita 20 liliingia juu ya Chelyabinsk, Urusi, asubuhi jua likichomoza, na hakuna aliyeliona kabla kwa sababu lilitokea upande wa jua. Mgeni mwenye akili atapitia hukohuko.

Ngao: usumaku unapinda vitu vyenye chaji. Mwanga haupindwi nao, jiwe halijali. Ngao ya kweli inachosha kuitazama: karatasi ya alumini mbele, nafasi tupu, kisha tabaka za kitambaa kigumu. Chembe inapiga karatasi ya kwanza, inapasuka kuwa wingu, na wingu linatawanyika kabla ya kufika ukutani. Kituo cha anga kinazuia hivyo vipande vya mpaka kama sentimita moja. Kikizidi hapo, kituo kinakwepa, mradi rada imekiona mapema.

Maji: futa. Kuondoa kilo moja duniani kabisa ni megajouli 63. Kuiondoa Ceres, sayari kibete yenye barafu tele, ni kama 0.13. Hakuna anayevuka miaka ya nuru ili alipe zaidi ya mara 450 kwa bidhaa ileile, tena kwa kupigana na wenye nayo.

Kirusi: programu ya Windows haifunguki kwenye simu ya Android, na zote mbili zimetengenezwa na binadamu. Inatosha.

Mzee wa Obiti
Naongezea moja kwa mtunzi. Nyota ya karibu, Proxima Centauri, ni miaka ya nuru 4.24. Kwa kasi ya Voyager 1, chombo cha NASA kilichokwenda mbali kuliko vyote, km 17 kwa sekunde, ni zaidi ya miaka 70,000. Tuseme hawa wanakuja kwa sehemu ya kumi ya kasi ya mwanga, miaka 42. Kwa kasi hiyo kilo moja ya kitu chochote, hata kokoto, ina nishati ya kilotani 108 za TNT, kama mabomu saba ya Hiroshima. Aliyeweza kufika hana haja ya leza. Anaachia mzigo kabla hajafunga breki.

Ukitaka polepole, mawe ya hapahapa yanatosha, ila ukubwa ni muhimu. Kimondo cha Mbozi ni chuma cha tani kama 16, na hakikukutwa na shimo kubwa la mgongano. Hewa ilishakipunguza kasi. Cha Chelyabinsk kilikuwa maelfu ya tani, km 19 kwa sekunde.

Mtunzi_Temeke
Aisee. Nimefuta leza, ngao, kirusi na maji. Meli ya Posta naiondoa kwa machungu. Sasa nimebaki na jiwe, na mimi natengeneza sauti. Angani hakuna sauti. Msikilizaji nimpe nini?

Rejeta
Ndani ya meli sauti ipo, inapita kwenye chuma chenyewe. Pampu za kupozea, mabomba yanayolia yakitanuka kwa joto, milango ikibana. Silaha ikifyatuliwa, pampu zinapanda mngurumo. Mlipuko wa nje usiweke kitu.

Kibatari
Kwa upande wa Dar una sehemu nzuri kuliko leza. Chelyabinsk lilipasuka kama kilomita 30 juu. Mwanga ulifika papo hapo, mshindo ukachelewa zaidi ya dakika mbili, na watu walikuwa wameshasogea madirishani kutazama moshi. Karibu 1,500 waliumia, wengi kwa vioo.

Lipasulie juu ya Kibaha. Mpaka Posta ni kama kilomita 46 kwa mshazari, mshindo unafika baada ya karibu dakika mbili na nusu. Muda wote huo weka honi za magari, kondakta anaita Gongo la Mboto, watu ghorofa ya kumi wanaitana waje dirishani, mmoja anamwambia mwenzake asogee kidogo apate kupiga picha.