Yule bingwa wetu wa kutambua picha feki ameutangaza mkono wa mama yangu kuwa ni kazi ya akili mnemba

Mleta uzi: Ndugu wanajukwaa, naandika huku bado natetemeka kwa hasira. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa nyote mnamfahamu yule bwana ambaye kila picha ikiwekwa humu hukimbilia kuipitisha kwenye kile kiprogramu chake, kisha akarudi na asilimia kama hakimu anayesoma hukumu. Leo niliweka picha ya mama akiwa ameketi, picha niliyoipiga mwenyewe kwa simu yangu, na kabla watu hawajamaliza kumwamkia, bwana huyo alikuwa ameshairudisha ikiwa na duara jekundu kuzunguka mkono wa kushoto na maneno haya: "Vidole vinne. Feki."

Vidole vinne! Mama ana vidole vinne kwenye mkono huo tangu mimi sijazaliwa, baada ya kukatwa na mashine, na kwa vidole hivyo hivyo alinilea na kunizaba makofi ambayo hakuna aliyewahi kuyatilia shaka uhalisi wake. Nilipomwambia kwamba faili ninalo, lenye tarehe, saa na aina ya simu, alijibu kwamba taarifa hizo hughushiwa. Sawa, hughushiwa, lakini kipimo chake ndicho hakikosei? OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa kipimo chao wenyewe cha kutambua maandishi ya mashine mwezi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo, ilhali huyu wetu anatupa asilimia zenye nukta na desimali.

Na lile duara! Amelichora nene, jekundu, mbele ya watu wote. Mama ameliona, akaniuliza mkono wake umekosa nini.

Msomaji wa Usiku: Pole sana mkuu. Hata hivyo, tuwekee na mkono wa kulia tujiridhishe.

Kalamu Nyeusi: Ulikosea jukwaa tu. Mwaka 2024 mpiga picha Miles Astray aliingiza picha halisi ya flamingo katika kundi la picha za akili mnemba kwenye mashindano ya 1839 Awards, akapata nafasi ya tatu kwa majaji na ushindi wa kura za watu, kisha akaenguliwa alipofichua kwamba ndege ni wa kweli. Mpeleke mama huko, atarudi na tuzo.

Fundi Mstaafu: Bwana huyo amepitwa na wakati. Kuhesabu vidole kulisaidia enzi ambazo programu za akili mnemba zilikuwa zikichora mikono ya ajabu, lakini siku hizi huchora vidole vitano safi kabisa. Isitoshe, picha ikishatumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa zake nyingi, ndipo vipimo vinapozidi kubahatisha. Kuna utaratibu wa C2PA, ulioanzishwa mwaka 2021 na Adobe, BBC, Microsoft na wenzao, ambao huambatanisha na faili sahihi ya kidijitali inayoeleza lilikotoka, na kamera ya Leica M11-P ya mwaka 2023 hutia sahihi hiyo palepale picha inapopigwa. Ukipiga picha ya skrini, sahihi haifuati, kwa hiyo picha isiyo na sahihi haithibitishi lolote, si ukweli wala ughushi.

Msomaji wa Usiku: Kwa hiyo mama anunuliwe Leica.

Bila Jina: Mnalilia picha! Mimi niliitumia familia ujumbe wa sauti nikiwa na mafua, wakasema sauti imetengenezwa na mashine, wakanitaka nitaje jina la utani la marehemu babu, kisha wakaniondoa kwenye kundi wakati bado nafikiri.

Mwandishi Mnyonge: Afadhali wewe. Ripoti yangu niliyoiandika kwa mkono wangu ilikataliwa kwa madai kwamba binadamu hatumii nukta mkato.

Kalamu Nyeusi: Binadamu gani anatumia nukta mkato? Iweke hapa tuihakiki.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye mkono wa mama yangu.

Kalamu Nyeusi: Subiri mkuu, kwanza tumalize hili la nukta mkato.

Mwandishi Mnyonge: Nimeiweka. Someni aya ya pili, halafu mniambie mashine gani inaweza kukasirika namna ile.

Fundi Mstaafu: Nimeisoma. Aya ya kwanza ni yako. Hiyo ya pili, kusema kweli, nina mashaka nayo.