Dania wikendi moja, halafu basi la kurudi Kisumu: mpango huu unawezekana?

OmeraDunga
Salamu wadau. Nina cheti cha kwanza cha kuzamia, kile cha mita 18, na nataka kuiona meli ya MV Dania huko Mombasa. Mpango: natoka Kisumu Alhamisi jioni kwa basi, nafika Ijumaa na kupumzika. Jumamosi mbizi mbili. Jumapili mbizi moja ya asubuhi, imalizike saa tano, saa moja usiku niko ndani ya basi la kurudi, Jumatatu kazini. Maswali: kina kitanizidi? Mtungi mmoja unatosha? Na huko chini kuna samaki gani?

MajiMafu
Karibu, omera. Dania ilikuwa meli ya kusafirishia ng'ombe, ikazamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki. Chini yake ni kama mita 30, kwa hiyo cheti chako hakikufikishi mchangani. Ama usome daraja la pili, linaloruhusu mita 30, ama uende na mwalimu na ubaki sehemu za juu za meli. Usikubali kiongozi anayekwambia "tutashuka kidogo tu".

Sasa hewa, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kwenye mita 30 mgandamizo ni baa 4, yaani mara nne ya juu ya maji. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, kule chini anavuta 80. Mtungi wa kawaida wa alumini ni lita 11 na kidogo, ukijazwa baa 200 unabeba takriban lita 2,200. Hewa inashuka baa 7 hivi kila dakika.

Kabla ya kuhesabu dakika, toa akiba. Chukulia mwenzako ameishiwa hewa na mnapumua wawili kwenye mtungi wako, wote mna wasiwasi, lita 50 kwa dakika kwa pamoja. Dakika 1 ya kutulia chini ni lita 200. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika ni lita 440 hivi. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5 ni lita 225. Jumla inakaribia 870, yaani baa 80. Zinabaki baa 120, na hizo ni dakika 16 tu, tena hujatoa za kushukia. Jedwali la kuzamia, lile la muda wa juu kabisa wa kukaa chini kwa hewa ya kawaida, linakupa dakika 20 kwa mita 30, kwa hiyo usilitegemee hilo: hewa itaisha kwanza. Baa 80 zikisoma kwenye geji, uwe umeshafika kwenye kamba ya kupandia.

Uzito pia. Kama ulijifunzia bwawani, maji ya chumvi yatakunyanyua. Mtu na vifaa vyake wakifika kilo 100, aongeze kilo 2.5 hivi. Mtungi wa alumini nao ukikaribia kuisha huanza kuelea, na hapo ndipo asiye na uzito wa kutosha hushindwa kusimama mita 5.

Halafu angalia mwezi kabla ya kukata tiketi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mkondo unavuta. Chagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na ushuke maji yanaposimama. Kipindi cha kaskazi bahari ni tulivu. Kusi likivuma, maji huchafuka na huenda usione hata ubavu wa meli.

PangoniMauSummit
Kina na hewa vimeelezwa vizuri. Mimi naona shida iko kwenye basi.

Ukimaliza mbizi saa tano asubuhi, mwilini bado umejaa naitrojeni uliyoivuta chini, na ukipanda juu mapema inaweza kutoka kama viputo. Ushauri unaofuatwa kwa mtu aliyezamia zaidi ya mara moja ni kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda juu ya mita 600, awe kwa ndege au kwa gari. Voi iko karibu na kimo hicho, na basi la saa moja usiku litakuwa limeipita kabla ya usiku wa manane. Hapo huna hata saa 13. Baadaye Nairobi, halafu Limuru, juu ya mita 2,200. Unateremka Naivasha na Nakuru ukidhani umemaliza, kisha unapanda tena hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400. Hicho ndicho kimo ambacho ndege huruhusu ndani ya chumba cha abiria, na hewa yake ni kama robo tatu ya ile ya Mombasa. Viungo vikianza kuuma hapo, uko kwenye basi, gizani, mbali na chumba cha mgandamizo wanakotibia wazamiaji.

Futa mbizi ya Jumapili. Maliza ya Jumamosi kabla ya saa nane mchana, na basi lako la Jumapili usiku litakukuta umengoja saa 29 au zaidi. Jumapili asubuhi ogelea juu juu kwa barakoa na bomba.

Kolekole_77
Si atumie naitroksi 32 tu, ile hewa yenye oksijeni asilimia 32? Naitrojeni inapungua, anazamia Jumapili na kupanda basi.

PangoniMauSummit
@Kolekole_77 hapana. Naitroksi 32 inaongeza muda wa chini, ila saa za kungoja ni zilezile. Na haivuki mita 33, zaidi ya hapo oksijeni yenyewe inakuwa hatari.

OmeraDunga
Asanteni, Jumapili nimeifuta. Je, naweza kuingia ndani ya meli? Na samaki bado sijajibiwa.

ChewaMkubwa
Ndani usiingie. Viputo vyako vikigonga dari vinaangusha kutu, mapezi yanatimua tope, na ndani ya sekunde chache mlango ulioingilia huuoni. Wanaoingia wamefundishwa: kamba ya kufuatia njia, taa tatu, hewa kwa theluthi (moja ya kuingilia, moja ya kutokea, moja ya akiba). Hata nje beba kisu kidogo, kwa sababu nyavu na mishipi ya wavuvi hunasa kwenye chuma.

Samaki wako kwa sababu ya mkondo. Chuma kikisimama juu ya mchanga mtupu, maji hupinda na kuleta chakula. Kwanza huota utando wa mwani, halafu viumbe wa magamba, sponji na matumbawe laini. Matumbawe magumu huchelewa sana. Dagaa hujificha upande usiopigwa na mkondo, kolekole na mizia huzunguka juu wakiwawinda, chewa hukaa kwenye vivuli vya milango, mkunga kwenye mabomba. Mchangani utaona taa, yule samaki bapa.

Usishike chochote. Kwenye chuma kuna viumbe kama manyoya vinavyowasha vibaya, na samaki wa miiba ya sumu anayefanana kabisa na jiwe. Glavu hazimzuii huyo.

KondeleKid
Na hapa kwetu ziwani? Mbona tusizamie Winam tu, ghuba yetu ya Ziwa Victoria?

MajiMafu
Maji ya ghuba ni tope, mara nyingi mkono wako mwenyewe huuoni, na kichocho kipo. Tena ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo jedwali la Mombasa halifai huku bila kurekebishwa. Kompyuta yako ya kuzamia iweke kwenye kimo hicho kwanza, na upunguze zile kilo ulizoongeza baharini.