Napiga pushapu 40 kwa mkupuo, mikono bado myembamba. Misuli inajengwa nyumbani kweli?

zamu_ya_usiku:

Habari wakuu. Nina kilo 58, urefu sentimita 174. Kazi yangu ni ya zamu za usiku, kwa hiyo saa za jimu ndizo saa zangu za kulala, na mazoezi nayafanyia chumbani. Nikiamka napiga pushapu 40 kwa mkupuo, napumzika kidogo, narudia, halafu skwati mpaka nichoke kuhesabu. Mwanzoni kifua kilijibu na nguvu zikaja. Siku hizi shati ni lile lile na mkono ni ule ule, kilichoongezeka ni pumzi tu.

Vifaa nilivyonavyo: begi la mgongoni, dumu la lita 20, kiti, meza, kitanda. Chini yangu wanaishi watu, kwa hiyo kurukaruka hapana. Je, inawezekana kujaza mwili hivi hivi, au nikubali tu kwamba bila vyuma nitabaki mwembamba mwenye pumzi? Na tafadhali, atakayeniambia "kula sana" aniambie na hiyo sana ni kiasi gani. Naomba kuwasilisha.

Chuma_Kwanza:

Mkuu, tusidanganyane. Pushapu ni za kuchangamsha mwili. Vijana wa pushapu nimewaona wengi, wote wana miili ya wakimbiaji. Haya, tuseme kifua utakipata. Mgongo na mapaja utayatoa wapi?

mama_mapacha:

Chuma_Kwanza kwenye mgongo na mapaja ana hoja, nitaifikia. Hilo lingine nalikataa. Mimi jimu yangu ni sebuleni, mapacha wakishalala, na kama kuna mtu anajua kufanya mazoezi bila kuamsha nyumba basi ni mimi.

Mdogo wangu, tatizo lako liko kwenye hiyo 40. Pushapu ya kawaida inakubebesha kama asilimia 64 ya uzito wako, kwako wewe ni kilo 37 hivi. Ulipoanza, kilo 37 zilikuwa mzigo. Mwili ukazizoea, na wewe ukaongeza idadi, mzigo ukauacha pale pale. Kinachoufanya msuli ukue ni kukazwa mpaka karibu na kushindwa, yaani unaweka nukta pale ambapo ungeweza kupiga moja au mbili zaidi kwa usahihi, basi. Kama hapo unapafikia kwenye ya 8 au kwenye ya 25, ukuaji unakaribiana sana. Watafiti wamelinganisha mizigo mizito na ile myepesi, hata ya asilimia 30 tu ya kile mtu anachoweza kunyanyua mara moja tu, na misuli ikakua karibu sawa, mradi kila seti, yaani kila mkupuo, iwe imekamua kweli. (Nguvu za kunyanyua kitu kizito mara moja ni suala jingine, huko vyuma vinashinda.) Ila ukishavuka pushapu 30 kwa mkupuo unaanza kukatishwa na pumzi na ule moto unaochoma, unaacha wakati msuli wenyewe bado una akiba. Si umesema pumzi ndiyo imeongezeka?

Kwa hiyo acha kutafuta 50. Fanya pushapu iwe ngumu. Miguu juu ya kitanda kwanza: ikiwa sentimita 60 kutoka sakafuni, mzigo unapanda kufika kama asilimia 74. Shuka kwa sekunde tatu, tulia kidogo kifua kikikaribia chini, ndipo upande. Hiyo peke yake itakushusha kutoka 40 hadi idadi utakayoionea aibu, na hapo ndipo tunapopataka. Ukiizoea, vaa begi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani: chupa ndani ya begi, na kila ukifikisha 15 kwenye seti zote unaongeza chupa. Zishindilie na nguo zisicheze, kaza mikanda begi likae juu kwenye mabega. Likiteremka kiunoni, mgongo utabonyea. Nafasi ikiisha, mchanga ni mzito kuliko maji kwa ujazo ule ule.

Mgongo sasa. Pushapu ni kusukuma, na mgongo unataka kuvuta. Hapo watu wa nyumbani wengi ndipo tunapokwama. Lala chali chini ya meza, shika ukingo, nyooka kutoka kisigino hadi kichwa, vuta kifua kiende kwenye ukingo. Ukikunja magoti inakuwa rahisi, ukinyoosha miguu inakuwa ngumu. La pili ni dumu: mkono mmoja uegemee kiti, mwingine uvute dumu kuja nyongani, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Likijaa ni kilo 20. Likiwa nusu maji yanacheza, ambako kunaudhi lakini hakudhuru.

Mapaja: skwati za miguu miwili umezimaliza, ziache. Mguu mmoja uweke nyuma juu ya kiti, wa mbele ndio ubebe kazi, shuka mpaka goti la nyuma likaribie sakafu. Nazichukia kwa moyo wote na ndizo zilizonijenga. Zikiwa rahisi, shika dumu. Kwa nyuma ya paja, lala chali, visigino juu ya taulo kwenye sakafu inayoteleza, inua makalio, acha visigino viteleze mbele polepole kisha uvivute virudi. Jirani wa chini hatasikia kitu, labda kuguna kwako.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, si kila siku, na kati yake siku moja ya kupumzika. Mazoezi hayo matano, kila moja seti tatu, baadaye nne. Pumzika dakika mbili mpaka tatu kati ya seti. Wewe "kidogo" yako nadhani ni sekunde 30, na ndiyo inayofanya seti ya pili iwe ya mapafu. Andika kila kitu kwenye daftari: mzigo, idadi, seti. Bila daftari utarudia kazi ya wiki iliyopita ukidhani umeongeza.

Chuma_Kwanza:

Dada, nimekusoma na kwenye pushapu nanyoosha mikono. Lakini dumu la kilo 20 kwenye mapaja litamtosha kwa muda gani? Mapaja ni misuli mikubwa, yanazoea haraka.

mama_mapacha:

Halitamtosha milele, hilo ni kweli. Akifika mahali anapiga 25 kwa mguu mmoja, begi limejaa mgongoni na dumu liko mkononi, basi aje kwako akatafute vyuma. Lakini huko ni mbali na alipo leo. Na kanuni ni ile ile. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, miaka ya 1940 alikuwa akiwarudishia askari majeruhi nguvu za miguu kwa kuwanyanyulisha mizigo na kuiongeza kadiri walivyoimarika, wakati ambapo desturi ilikuwa mizigo myepesi kwa idadi kubwa. Chuma chenyewe hakikuwa na uchawi. Kilichowainua ni mzigo kuongezeka.

Hesabu_za_Sahani:

Nijibu swali la chakula kwa sababu mmelikimbia wote. Kwa anayejenga misuli, kiwango kinachotumika sana ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kilo 58 mara 1.6 ni kama gramu 93. Yai kubwa lina gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, gramu 100 za kifua cha kuku kilichopikwa zina 30 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15. Gawanya kwenye milo mitatu au minne. Usiku wa kazi nao unahesabika, nenda na chakula.

Protini bila nishati ya ziada haitakufikisha mbali, maana wewe ni mwembamba. Ongeza kama kalori 300 mpaka 500 juu ya unachokula sasa. Kipimo chako ni mizani: pima asubuhi kadhaa kwa wiki, chukua wastani. Ukipanda gramu 150 hadi 300 kwa wiki uko sawa. Usipopanda, ongeza chakula. Ukipanda kilo nzima kila wiki, mengi ya hayo ni mafuta.

Kuhusu makopo ya virutubisho: kriatini monohaidreti (poda inayosaidia misuli kwenye mazoezi mazito), gramu 3 hadi 5 kwa siku, ndiyo pekee ningekushauri, na hata hiyo si lazima. Mwenye tatizo la figo amuulize daktari kwanza. Poda ya protini ni chakula tu, kama sahani imetimia huihitaji.

nesi_mkongwe:

Naongeza mawili. Zoezi jipya, hasa hilo la mguu mmoja, wiki ya kwanza piga seti mbili tu na usijikamue. Maumivu yatafika kilele siku ya pili au ya tatu, ni kawaida, na wala si kipimo cha kukua. Yakipungua wiki zijazo usidhani mazoezi hayafanyi kazi. Lakini misuli ikivimba, ikilegea kabisa, na mkojo ukawa wa kahawia iliyokoza, hiyo ni dharura. Misuli inavunjika na mabaki yake yanaweza kuumiza figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

La pili ni usingizi. Watu wa zamu tunalala vipande vipande. Ziba dirisha chumba kiwe giza, zima simu, utafute usingizi wa angalau saa 7. Na mazoezi fanya ukishaamka na kula kidogo, si ukitoka kazini macho yamekuwa mekundu.

zamu_ya_usiku:

Nashukuruni sana. Jana nimejaribu miguu juu ya kitanda, sekunde tatu kushuka. Nimeishia ya 13, sina la kusema. Shida ni meza: nikivuta inainuka upande mmoja. Dada, kuna njia nyingine zaidi ya dumu?

mama_mapacha:

Meza hiyo iache, isije ikakuangukia usoni. Chukua shuka gumu, piga fundo kubwa kwenye ncha moja, lipitishe juu ya mlango, funga mlango kwa ufunguo fundo likiwa upande wa pili. Simama upande ambao ukivuta, mlango unajibana kwenye fremu. Ukisimama upande usio sahihi, siku kitasa kikiachia utakwenda na mlango. Shika shuka, lala nyuma, jivute. Kadiri miguu inavyokaribia mlango ndivyo inavyokuwa ngumu. Mara ya kwanza livute kwa uzito kidogo uone kama bawaba zinalia.

zamu_ya_usiku:

Mlango wangu unafunguka kwa ndani.

mama_mapacha:

Basi fundo libaki ndani na wewe uvutie koridoni. Kama hutaki kutazamwa, baki na dumu: seti nne kila mkono, na pale juu lishikilie sekunde mbili kabla ya kulishusha.