Tuliotetea sheria za maji safi mbele ya mabunge ya majimbo, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (Lewiston, Maine)

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naomba tusimuliane jinsi tulivyoshiriki kudai sheria za jimbo za kulinda maji. Sheria ya taifa ya maji ya kunywa haivigusi visima vya watu binafsi, na hapa Maine karibu nusu ya nyumba hutegemea visima hivyo, kwa hiyo ulinzi wetu, kama upo, hutoka Augusta kwenye bunge la jimbo. Naanza mimi.

Tulikuwa tumekodi kipande cha shamba nje ya mji, tukilima mahindi, maharage na lengalenga, mwenye shamba alipotueleza kwamba zamani palimwagwa tope la majitaka kama mbolea. Lilikuwa jambo halali, lenye kibali cha jimbo, na lilifanyika Maine kwa miongo kadhaa. Baadaye tope la namna hiyo lilikutwa na kemikali za PFAS, ambazo haziozi na hushuka polepole mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi. Wapo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliopoteza riziki yao kwa sababu hiyo. Mwaka 2022 ulipoletwa muswada LD 1911 wa kupiga marufuku tope hilo mashambani, nilijiandikisha kutoa maoni.

Nilizungumza kwa video nikiwa jikoni, karatasi ya majibu ya maabara ikiwa mezani. Unataja jina lako na mji unaokaa, unawasalimu wenyeviti wa kamati, kisha una dakika tatu tu. Wanaounga mkono muswada huzungumza kwanza, wanaopinga hufuata. Nilikuwa nimeandika mengi kuhusu haki za binadamu, lakini swali nililoulizwa lilikuwa moja: je, kisima cha pale kimepimwa? Nilisoma namba iliyokuwa kwenye karatasi, na nikaona wajumbe wakiinama kuandika. Tangu hapo humshauri kila mtu apime maji yake kwanza, ndipo aandike hotuba.

Nikiri pia kwamba waliopinga hawakuwa watu wabaya. Wasimamizi wa mitambo ya majitaka waliuliza tope litapelekwa wapi, na hofu yao ilikuwa ya kweli, kwani sheria ilipopita tope lilianza kupelekwa dampo na gharama zikapanda. Hata hivyo, ningeunga mkono tena.

Mchangiaji (St. Paul, Minnesota)

Asante kwa kuanzisha mada hii. Kwetu mwaka 2023 ilipita sheria inayoitwa kwa jina la Amara Strande, binti aliyekulia karibu na eneo ambalo maji yake yalichafuliwa na PFAS, akaugua saratani ya ini, na akaendelea kuja bungeni kutoa ushahidi akiwa mgonjwa. Alifariki Aprili mwaka huohuo, siku chache kabla ya kutimiza miaka 21, sheria ikiwa bado haijasainiwa. Sisi wa kanisani tulichangia kwa kuwapigia simu wabunge wa maeneo yetu, kila mtu wa kwake, kwa sababu mbunge humsikiliza zaidi anayempigia kura. Kuanzia Januari 2025 vyombo vya kupikia, vipodozi, mazulia na bidhaa nyingine zilizowekewa PFAS makusudi haziruhusiwi kuuzwa hapa.

Mchangiaji (Grand Rapids, Michigan)

Kwetu tatizo lilikuwa mabomba ya maji yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Baada ya maji ya mji wetu wa Flint kuchafuliwa na risasi hiyo, jimbo lilitunga kanuni mwaka 2018 inayozitaka mamlaka za maji kuyabadilisha yote, kwa wastani wa asilimia 5 kila mwaka kwa miaka 20. Nilituma maoni ya maandishi nikiomba wapangaji nao wapewe taarifa, kwa kuwa barua huandikwa kwa Kiingereza na mara nyingi huishia kwa mwenye nyumba. Siku hizi barua za jirani zangu huletwa kwangu, nazitafsiri barazani.

Mchangiaji (Portland, Maine)

Samahani, wazee wangu. Mimi bado nasubiri majibu ya ombi langu la hifadhi. Je, mtu asiye raia anaruhusiwa kusimama mbele ya kamati?

Mwanzisha mada

Anaruhusiwa, mdogo wangu. Uraia unahitajika kupiga kura, lakini kutoa maoni juu ya muswada hakuna anayekudai hati, na mimi mwenyewe nilizungumza nikiwa sijaapishwa kuwa raia. Ila ujue kwamba ushahidi wa maandishi huwekwa kwenye tovuti ya bunge pamoja na jina lako, na mtu yeyote anaweza kuusoma, kwa hiyo zungumza kwanza na wakili wako. Akisita, na kama mna kikundi cha wakulima, kinaweza kuandika barua moja kwa jina la kikundi, mkaambatanisha majibu ya maabara. Kama mtahitaji mkalimani, mwandikieni karani wa kamati mapema, mara tu tarehe ya kikao itakapotangazwa. Na muswada ukipita msiuache: sheria yetu ya 2021 ilipangwa kupiga marufuku karibu bidhaa zote zenye PFAS ifikapo 2030, lakini mwaka 2024 ililegezwa na tarehe ikasogezwa hadi 2032.