Naamka mwili hausogei na kuna mtu amesimama kando ya mlango wa kebini. Ni jini au ni muguka? Naombeni ushauri

DerevaWaMalaba:
Habari wadau, naomba msome mpaka mwisho manake hili jambo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Mimi ni dereva wa trela, napakia kontena Mombasa napeleka Malaba, huu mwaka wa nne. Usiku natafuna muguka, yale majani ya kukesha, ndugu wa miraa. Mwanzo wa mia moja ulikuwa unanitosha kutoka Mariakani mpaka Mlolongo, saa hii nanunua wa mia tatu na kahawa juu yake na bado macho yanaziba. Shida nyingine nikiegesha sasa nilale, usingizi haukuji, nalala chali kwa kile kitanda cha nyuma ya kiti nasikiliza malori yakipita mpaka kunakucha, kwa hivyo kuna kemisti njiani wananiuzia diazepamu, tembe za kutuliza na kuleta usingizi, bila karatasi ya daktari, nameza moja, siku zingine mbili.

Wiki mbili zilizopita niliamka kama saa kumi alfajiri, macho wazi kabisa, naona tasbihi yangu inaning'inia kwa kioo, naona taa ya petroli stesheni, lakini mkono hausogei na sauti haitoki. Kando ya mlango kuna mtu mrefu mweusi amesimama ananiangalia, na kifua kizito kama nimewekewa gunia la simiti. Nikaanza Ayatul Kursiy moyoni, sijui ilichukua muda gani, kidole cha mguu kikacheza na yule mtu hayupo tena. Imerudi mara tatu tangu siku hiyo.

Lakini kilichonifanya niandike hapa ni cha juzi. Nakumbuka nikitoka Mtito Andei. Halafu nakumbuka niko Emali. Kibwezi na Makindu nilizipita na sikumbuki hata taa zake, na nilikuwa nimeshika usukani na kontena ya tani ishirini na nne nyuma. Nina watoto watatu jamani. Nifanye nini?

Bin_Unguja:
Pole sana ndugu yangu. Hiyo ya kwanza huku kwetu tunaita kukabwa na jinamizi, na wewe si wa kwanza. Mimi nilikuwa mdogo mwaka 1995 Popobawa, lile jini linalosemekana kuvamia watu usiku wakiwa wamelala, alipovuma Pemba na Unguja, watu wazima walikuwa wanakesha nje kwa makundi, mikeka imetandikwa uani na moto umekokwa, hakuna anayetaka kulala peke yake chumbani. Na ukiwasikiliza waliosema wamejiwa, wengi wanasema hayo hayo yako: kifua kimebanwa, mtu anamuona, sauti haitoki. Endelea na dua zako na tia udhu kabla ya kulala, hilo halina hasara. Ila hiyo ya Makindu si jini, hiyo ni mwili umezima wewe ukiwa kwenye gari.

Kijana_Changamwe:
Bro wacha hizo tembe, piga pombe kali kidogo kabla ya kulala utalala kama mtoto. Mimi ndio dawa yangu.

Mama Swafiya (mfamasia):
Kijana, nakuomba usimpe mtu ushauri huo. Diazepamu na pombe zote zinapunguza kasi ya kupumua, mtu akizichanganya anaweza kulala asiamke. Dereva, kama umemeza tembe usiguse pombe kabisa, hilo kwanza.

Sasa nikueleze ninavyoielewa hali yako, manake nakaa nyuma ya kaunta miaka kumi na moja na nyinyi madereva nawaona. Tukiingia kwenye awamu ya usingizi yenye ndoto nyingi, ubongo unafunga misuli karibu yote, unabakisha macho na ya kupumulia, ndio usije ukarusha mateke ukiota unapigana. Wakati mwingine akili inaamka kabla kufuli halijafunguliwa. Uko macho, chumba unakiona, lakini ndoto bado inaendelea juu yake, na ubongo ukiona umekwama unapiga kengele ya hatari, ndio unaona mtu mlangoni. Inaisha yenyewe kwa sekunde au dakika chache, haiui. Inawapata zaidi wenye usingizi wa kukatikakatika na wanaolala chali, na wewe vyote unavyo. Kile kidole cha mguu ulichocheza ndio njia, ikikujia tena usipambane na kifua, tafuta kidole.

Muguka sasa. Jani bichi lina kathinoni, ni jamaa ya amfetamini, dawa kali ya kusisimua mwili, inasukuma dopamini, kemikali ya raha na hamasa, ubongoni ndio unajiona uko imara. Ndio sababu mzigo ukitoka Embu au Meru unakimbizwa vile, baada ya siku mbili hivi nguvu yake imeshuka sana. Lakini haiondoi usingizi, inauficha tu. Tangu uamke kuna kitu kinaitwa adenosini kinajikusanya kichwani, hicho ndicho kinacholeta uzito wa macho, na kahawa inachofanya ni kukaa kwenye kiti chake, adenosini yenyewe iko pale inasubiri. Stimu ikishuka deni lote linadaiwa mara moja, na pale Mtito lilidaiwa ukiwa barabarani.

TanboiMstaafu:
Mama amemaliza. Mimi naongeza moja tu. Kwa kilomita 80 kwa saa gari inakula mita 22 kila sekunde. Ukizima sekunde nne ni karibu mita tisini na hakuna mtu kwenye usukani. Mimi nilifunga breki kali karibu na Voi kwa ajili ya ng'ombe mweupe amesimama katikati ya lami, nikashuka na tochi, hakuna ng'ombe, hakuna hata kinyesi. Nilikuwa sijalala siku mbili. Niliketi kwa bampa nikatetemeka mpaka jua likatoka. Siku hiyo ndio niliacha jaba, yaani kutafuna majani haya.

Na sheria yenyewe inasema dereva wa gari la biashara asipite saa nane za kuendesha ndani ya saa ishirini na nne. Ofisi zinajua. Mwaka 2024 Mombasa ilipopiga marufuku muguka na kesi zikaenda kortini, watu walibishana wiki nzima juu ya wakulima na ushuru, hakuna aliyeuliza kwa nini dereva anautafuna. Inaniuma mpaka leo.

DerevaWaMalaba:
Nimesoma mara mbili, machozi yananilenga. Mama Swafiya, nikiacha vyote leo itakuwaje? Tembe nameza kama miezi minane sasa.

Mama Swafiya (mfamasia):
Miezi minane? Basi hizo usiache ghafla mwanangu, sikiliza vizuri. Aliyezoea diazepamu muda mrefu akiikata siku moja anaweza kupata degedege. Daktari atakupunguzia kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Na ujue inakaa kwa damu zaidi ya siku nzima, kwa hivyo ile ya alfajiri bado unayo ukiwa unapanda Mai Mahiu mchana. Mpaka uonane na daktari usishike usukani.

Muguka unaweza kuacha, utakuwa mchovu na hasira siku kadhaa, na ndoto zitakuja nyingi na kali, usiogope, ubongo unalipwa ndoto ulizonyimwa. Lala ubavu. Kahawa isipite adhuhuri. Kama unahitaji mtu wa kuzungumza naye, NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure 1192.

DerevaWaMalaba:
Nimempigia mke wangu, nimemwambia yote, alikaa kimya kidogo akasema njoo nyumbani. Ofisi nimewaambia naumwa, wamenuna, watapata dereva mwingine. Niko Mariakani nimeegesha, kesho asubuhi naenda hospitali. Tembe zimebaki kumi na nne, niende nazo ama nizitupe?

Mama Swafiya (mfamasia):
Nenda nazo na pakiti yake. Na umwambie daktari idadi ya kweli, siku za mbili pia.