Mbunge kuwa rais wa TLS: ni sawa?

Kisima cha Kale: Wadau, nauliza bila ushabiki. Machi 2017 kule Arusha mawakili walimchagua Tundu Lissu kuwa rais wa TLS, yaani chama cha mawakili wa Tanzania Bara, naye wakati huo alikuwa mbunge wa Singida Mashariki. Mwaka uliofuata zikatoka kanuni za uchaguzi wa TLS zilizowafungia mlango wabunge, madiwani na viongozi wa vyama. Mimi naziunga mkono. Sheria ya TLS inakitaka chama kiisaidie serikali na mahakama katika mambo ya sheria na kiwalinde wananchi. Sasa mtu apige kura ya muswada bungeni, kisha aje kuuchambua kwa niaba ya mawakili wote? Na uanachama si hiari, wakili wa Bara yeyote ni wa TLS hata akiwa wa chama kingine cha siasa.

Bint Pangani: Mkuu, waliompigia kura si watoto. Walijua ni mbunge, walijua chama chake. Wakiona anawafaa, nani mwingine awachagulie? Na Septemba 7 mwaka huohuo alimiminiwa risasi Dodoma akitokea bungeni, kofia zote mbili zikiwa kichwani. Wewe unaleta habari ya muswada. Imeniuma.

Kisima cha Kale: Dada, mimi nimelaani risasi zile tangu siku ya kwanza. Usinisukumie huko.

Reli ya Kati: Kenya mbona wameweza? Paul Muite alikuwa mwenyekiti wa LSK, chama cha mawakili wa kwao, na mbunge kwa wakati mmoja.

Mzee wa Faili: Si kweli. Muite alichaguliwa LSK 1991, ubunge wa Kikuyu akaupata kwenye uchaguzi wa Desemba 1992. Nelson Havi naye alimaliza muda wake LSK kwanza, ndipo akagombea Westlands 2022, akashindwa. Muwe mnatuuliza sisi wasomi kabla ya kuandika.

Mwalimu Mstaafu: "Sisi wasomi"! Nimefundisha miaka 34, nimewafundisha hao mawakili kusoma na kuandika, hakuna aliyewahi kuniita mwalimu msomi. Daktari anasoma miaka mitano, anaongeza mwaka wa mazoezi, haitwi msomi. Nani aliwapa peke yenu?

Mzee wa Faili: Mwalimu, shikamoo. Ni desturi ya mahakamani tu, namwita mwenzangu "wakili msomi" hata kama dakika hiyo tunavutana mashati. Sikukudharau.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Lakini hapa si mahakamani.

Reli ya Kati: Mwalimu yuko sahihi. Wasomi gani, 2022 Shule ya Sheria walifaulu 26 kati ya 633!

Mzee wa Faili: Hao walikuwa wanafunzi, hawajawa mawakili. Na mamia walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, hawakufeli moja kwa moja. Tena wewe uliyekosea habari ya Muite usinipigie hesabu.

Bint Pangani: Kwa matokeo hayo ilibidi iundwe kamati ya uchunguzi, mwenyekiti Mwakyembe. Huyohuyo ambaye mwaka 2017, akiwa waziri wa sheria, aliwaonya TLS wasijiingize kwenye siasa. Waziri alikuwa mbunge na mwanasheria pia! Kisima, kofia zake hukuzihesabu?

Kisima cha Kale: Hakuwa rais wa TLS.

Mama Faraja: Samahanini, mnabishana majina na vyeo. Mimi wakili alichukua pesa zangu za kesi ya shamba, mara tatu hakutokea mahakamani, shauri likafutwa. Simu hapokei. Msomi au si msomi, nani ananisikiliza? Mbunge wangu aliniambia hilo si lake.

Mzee wa Faili: Mama, pole sana. Andika malalamiko kwa Kamati ya Mawakili, ina uwezo hata wa kumfuta wakili kwenye orodha. Weka nakala za stakabadhi zote.

Mama Faraja: Stakabadhi hakunipa. Nilimpa mkononi.

Mwalimu Mstaafu: Kuna aliyekuona ukimpa?