Acheni kuwauzia watu Iceland ya Februari kwa tarehe za Juni

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na umeandikwa kwa hasira. Naomba msome wote kabla hamjamtumia mtu hela.

Kila ikifika Machi, magrupu ya WhatsApp yanajaa tangazo lile lile: "Iceland siku tano, mwanzoni mwa Juni, aurora, pango la barafu, tunaizunguka nchi nzima." Watu wanavunja vikoba, wengine wanakopa, halafu wanalipia vitu ambavyo mwezi huo havipo. Anayeuza ratiba ya namna hiyo ama haijui nchi anayoiuza, ama anaijua na amenyamaza kwa makusudi. Vyote viwili ni kula hela za watu.

Aurora, zile taa za kijani za angani, zinahitaji giza. Mwanzoni mwa Juni pale Reykjavík, mji mkuu, jua linazama baada ya saa tano na nusu usiku na linachomoza kama saa tisa na robo usiku huo huo. Katikati hapo anga haiwi nyeusi hata dakika moja. Msimu wake ni mwishoni mwa Agosti hadi Aprili, basi. Hakuna mwongozaji, kamera wala gari la kukufukuzia aurora mwezi Juni. Aliyekuuzia "usiku mmoja wa aurora" mdai hela yako leo hii.

Pango la barafu nalo lina msimu wake. Mapango ya asili ya bluu mnayoyaona kwenye picha, yale ya barafu ya Vatnajökull, ni ya Novemba hadi Machi. Joto likija maji yanapita ndani na dari linalegea. Agosti 2024 barafu ilianguka pale Breiðamerkurjökull, sehemu ya Vatnajökull hiyo hiyo, ikaua mtalii, na hapo kikundi kilikuwa na mwongozaji. Kuna handaki lililochongwa na watu kwenye barafu ya Langjökull, hilo liko wazi mwaka mzima. Ni kitu tofauti kabisa, na anayeuza anapaswa kusema hivyo kabla hajapokea shilingi.

Sasa "kuizunguka nchi kwa siku tano". Barabara Namba 1, ndiyo inayoizunguka nchi, ina zaidi ya kilomita 1,300. Mwendo wa juu kisheria ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe, 50 mjini. Gawanya kwa tano: zaidi ya kilomita 260 kila siku, kabla hujasimama popote. Akureyri, mji wa kaskazini, hadi Reykjavík peke yake ni kilomita 388. Hiyo si safari, ni kukaa ndani ya gari ukitazama nchi kupitia kioo. Kuizunguka kunataka siku nane kwa uchache, kumi ndiyo unapumua. Mwenye siku tano abaki kusini: Reykjavík, Þingvellir, Geysir, Gullfoss, Vík, afike Jökulsárlón, arudi njia ile ile. Ataona mengi kuliko aliyekimbizwa.

Kinachoniuma zaidi ni barabara za milimani, zenye herufi F mbele ya namba. Ratiba za mwanzoni mwa Juni zinaandika Landmannalaugar, Askja, hata Sprengisandur, kana kwamba ni kupanda daladala tu. Barabara hizi hufungwa msimu wa baridi na hufunguliwa moja moja, nyingi kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Julai, kutegemea mwaka. F26 ya Sprengisandur huwa miongoni mwa za mwisho. Na tatizo si theluji peke yake. Theluji ya juu inaweza kuwa imeshayeyuka na jua linawaka, ila chini ardhi bado imeganda, maji hayana pa kwenda, na udongo wa juu unakuwa uji. Gari moja likipita linachimba mifereji ambayo haifutiki kirahisi. Ndiyo maana kuna kizuizi na kibao cha kufungwa, na ndiyo maana kuendesha nje ya njia kuna faini kubwa. Ile mimea laini ya kijani (moss) inayofunika mawe ya volkano huchukua miongo kuota tena ikishakanyagwa na tairi.

Hali halisi angalieni umferdin.is, tovuti ya mamlaka ya barabara ya kule, kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Hali ya hewa ni vedur.is. Ramani ya simu msiiamini peke yake. Mashariki inapenda kukupitisha njia ya mlima ya Öxi, namba 939, kwa sababu ni fupi. Ni changarawe, ina mwinuko mkali, na ukungu ukishuka huoni mbele ya boneti. Kwenda maporomoko ya Dettifoss na gari dogo, tumieni namba 862 ya upande wa magharibi, ina lami.

Gari la kukodi. Hapa ndipo watu wanarudi na madeni. Gari dogo lisilo 4x4 haliruhusiwi kwenye barabara za F, na ukiingia nalo bima inakufa. Hata ukiwa na 4x4, injini ikinywa maji wakati wa kuvuka mto, kwa kawaida hakuna bima inayolipa. Unalipa wewe, injini nzima. Mito inayotoka kwenye barafu hujaa mchana na jioni, kwa kuwa jua limeyeyusha siku nzima. Asubuhi maji huwa chini. Ongezeni bima ya changarawe, kwa sababu jiwe moja kutoka gari mnalopishana linatosha kupasua kioo cha mbele. Kusini kuna bima ya mchanga na majivu: upepo unabeba mchanga mweusi na kukwangua rangi upande mzima wa gari.

Mlango hauna bima kwenye mikataba mingi, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Upepo wa kule hauulizi. Ukifungua mlango upepo ukiwa unatoka nyuma, unaunyakua mkononi, unaupeleka hadi mwisho na kuupita mwisho wake. Bawaba zinapinda, ukingo wa mlango unaingia kwenye madigadi ya mbele, na baada ya hapo haufungi tena. Egesheni pua ya gari ikitazama upepo, ili upepo uusukume mlango ufunge. Fungueni mlango mmoja mmoja, mkono mmoja kwenye kishikio, mwingine kwenye ukingo wa juu. Waambieni na walioko kiti cha nyuma, maana mara nyingi wao ndio wanaoharibu.

Juni ni wakati ambao kondoo wameachiwa na wana wao wadogo. Mama akiwa upande huu wa barabara na mwana upande ule, jueni mmoja atavuka mbele yenu, kwa hiyo punguzeni mwendo mapema. Kibao cha "Einbreið brú" ni daraja la gari moja: aliye karibu zaidi hupita kwanza, ila simameni mtazame. "Malbik endar" maana yake lami inaishia hapo. Shukeni mwendo kabla ya changarawe, maana breki za ghafla juu yake ndizo zinazopindua magari. Taa za mbele ziwake muda wote, hata mchana, ni sheria.

Kadi: wakodishaji wengi wanataka kadi ya benki ya mkopo, ya plastiki, yenye jina la dereva mwenyewe, wanazuia amana hapo hapo. Ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu haitakusaidia, na pampu nyingi za mafuta zisizo na mhudumu huomba namba ya siri. Jaribuni namba ya siri nyumbani kabla ya kuondoka.

Viza. Iceland iko Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ila haina ubalozi Nairobi wala Dar es Salaam. Maombi hupokelewa na nchi nyingine kwa niaba yake, hakikisheni ni ipi kabla ya kujaza fomu. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bado ada ya kituo cha kupokelea. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Mnaruhusiwa kuomba miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi ni siku 15, ila wanaweza kufika 45. Kwa safari ya Juni, anayewaambia "tutaomba Mei" anawachezea. Na wale wanaoshauri "ombeni ya Ufaransa, ni rahisi, halafu mtaenda Iceland siku zote" waache mara moja. Sheria ni kuomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na viza iliyopatikana kwa ratiba ya uongo inaweza kufutwa mpakani. Mkipitia Amsterdam au Copenhagen, ukaguzi wa pasipoti unafanyika hapo, si Keflavík (uwanja wa ndege wa Iceland), kwa hiyo msikubali muda wa kuunganisha wa saa moja. Mkipitia London kwa tiketi mbili tofauti, mnaingia Uingereza kuchukua mizigo, na viza ya Schengen haiwapitishi hapo.

Kwa ndugu zetu Waislamu: mwezi huo wa Juni, wekundu wa anga la magharibi hauishi hadi jua linachomoza, kwa hiyo dalili ya kawaida ya kuingia isha haipo. Mwulizeni shekhe wenu mapema mtafuata hesabu ipi. Na kwenye mabwawa ya umma ya maji moto, kuoga bila nguo kabla ya kuingia ni lazima, mbele ya wengine wa jinsia yako. Mengi yana kibanda cha faragha, ulizeni mlangoni.

Nguo: sufu ndani, koti la kuzuia upepo na mvua juu. Mwavuli uacheni, utageuka ndani nje. Reykjavík mwezi Juni mchana ni kama nyuzi 12, na mwanzoni mwa Juni 2024 kaskazini ilianguka theluji nzito. Aliyewaambia "ni kiangazi, chukueni fulana" hakufungua hata tovuti ya hali ya hewa. Kitambaa cha kufunika macho ni lazima, la sivyo hamtalala.

Na Juni ina vyake ambavyo hawa wauzaji hawavitaji: ndege wa puffin wanaotamia, wanaoonekana karibu kabisa pale Borgarfjörður eystri, hasa jioni wanaporudi kutoka baharini, nyangumi pale Húsavík, maporomoko yaliyojaa maji ya theluji, na mwanga wa kutembea saa nne usiku bila tochi.

Kwa hiyo wewe unayeuza ratiba ya Juni, njoo ujibu hapa hapa. Barabara gani za F ziko kwenye ratiba yako, na zikiwa zimefungwa siku hiyo unawapeleka wapi? Mlango ukivunjwa na upepo, nani analipa? Hela ya aurora unairudisha lini?